Mwambie Salim ajifunze gari

Columbus, Ohio
9 Machi 2025

Kwako Zainabu,

Assalam alaikum. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatuonea, na natumai nyote hapo Kibokoni mu wazima, mama na watoto. Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Unauliza nduguyo Salim atarajie nini huku, na umenisisitiza nisikufiche. Sikufichi. Ila hadithi za "fulani kasema" zimenichosha, kwa hiyo nakupa hesabu. Wamarekani hawana wanaloliacha bila kulihesabu.

Kinachonishangaza zaidi ni nyumba zao. Wajua kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Bibi mmoja ninayekwenda kwake asubuhi ana vyumba vinne vya kulala, na wanaolala humo ni yeye na paka. Nilidhani ni kisa chake peke yake, kumbe ndiyo hali ya nchi. Mwaka 1940, nyumba za mtu mmoja mmoja hazikufika nane katika kila mia. Sensa ya 2020 ilikuta karibu 28. Na huku watu wanapungua ndani, nyumba zinazidi kutanuka: nyumba mpya mwaka 1973 ilikuwa kwa wastani na mita za mraba kama 150, na kufikia 2015 ikawa 250. Yule bibi hunifanya nibadilishe shuka za chumba cha wageni, na mgeni mwenyewe sijamwona.

Usidhani basi vitu vyao vinaenea. Wapi! Kuna biashara kubwa huku ya kukodisha vyumba vya kuwekea vitu tu, safu ndefu za milango ya bati, kila mmoja na kufuli lake. Maghala hayo yako kama 50,000 nchi nzima, mengi kuliko migahawa ya McDonald's na Starbucks ukiijumlisha pamoja. Jirani yangu hulipia chumba kila mwezi kwa ajili ya makochi ya marehemu mamake. Hayakalii wala hayauzi. Nikamwambia si umpe mtu? Akasema atafikiria.

Halafu kuna majani. Utafiti wa mwaka 2005, uliotumia takwimu za setilaiti, ulikadiria kwamba nyasi za mapambo, za nyua za watu, bustani na viwanja vya gofu, zimetanda kiasi cha kilomita za mraba 160,000. Hiyo ni kama Unguja mia moja! Hakuna zao la kumwagilia maji nchini humu linalochukua ardhi nyingi hivyo, hata mahindi. Na hakuna mbuzi anayezigusa. Wewe unayenunua maji ya mkokoteni, niwie radhi kwa kukuandikia haya.

Lakini Salim asije akidhani kila mtu ana pesa. Benki kuu yao kila mwaka huwauliza watu: ukipatwa na gharama ya ghafla ya dola 400, utailipa kwa pesa yako mwenyewe? Mwaka 2023, watu wazima 37 katika mia hawakuweza kusema ndiyo. Wangekopa, wangeuza kitu, au wangeshindwa kabisa. Dola 400 ni kama shilingi elfu hamsini zenu! Mimi naliamini hilo, maana nawaona wenzangu kazini: gari likiharibika, mtu huanza kuhesabu siku za mshahara. Na uzazi je? Wewe ulipojifungua ulikaa miezi mitatu nyumbani na mshahara wako kamili. Huku sheria ya nchi nzima, ya mwaka 1993, inakupa wiki 12 bila senti, na si kila mfanyakazi anayezipata. Yako majimbo yaliyoongeza malipo yao wenyewe, Ohio si mojawapo.

Lile tusemalo pwani, kwamba Wazungu huwatupa wazazi wao, mimi nimeacha kulisema. Gazeti la New York Times lilipiga hesabu mwaka 2015 likakuta nusu ya watu wazima wanaishi ndani ya maili 18 kutoka kwa mama zao, chini ya kilomita 30. Binti wa yule bibi hufika kila Jumapili na chungu cha supu. Halali pale, lakini hufika.

Mama ataulizia bunduki, najua. Zilikadiriwa milioni 393 mwaka 2018, nyingi kuliko watu wenyewe. Ila mwambie pia kwamba mtu mzima mmoja tu katika watatu ndiye anayesema anayo, kwa hiyo zimerundikana kwa wachache. Mimi nimeziona viunoni mwa polisi tu.

Kuhusu Salim sasa. Nyumba zisizo na gari huku ni kama nane katika mia, na mji umejengwa kwa kuwafikiria wale 92. Chuo atakachosoma kina basi, lakini duka la nyama halali liko ng'ambo ya barabara kuu, na barabara yenyewe haina hata njia ya miguu. Achukue leseni kabla hajaja, na azoee gari la otomatiki. Kuendesha upande wa kulia nitamfundisha mwenyewe, kwenye uwanja wa maegesho Jumapili asubuhi.

Nafasi ikibaki kwenye begi lake, nitilie halua na bizari ya pilau.

Wako,
Rukia