Kifaranga wa miguu mirefu si chotara

Alhamisi saa moja asubuhi, kabla sijamwaga majivu ya jiko la bruda, chumba cha kulelea vifaranga, bodaboda ilisimama mlangoni. Akashuka mwalimu mmoja wa Mbalizi, mteja wangu wa tangu Februari, kakumbatia boksi la sabuni. Salamu ilikuwa ya nusu nusu. Akaliweka boksi juu ya ndoo, akafungua: vifaranga saba wa wiki tatu. Wanne wamechuchumaa kama waliokatwa magoti, tumbo linagusa maranda. Watatu wamesimama kwa miguu ya kawaida, kama kuku yeyote wa Mwanjelwa.

"Mama, naomba uniambie baba wa hawa watatu ni nani."

Sikukasirika. Au niseme nilikasirika kidogo. Kesi hii naijua, mwaka huu pekee ni ya nne, na mbili kati ya hizo zilizunguka mtaani kabla hazijanifikia: eti yule mama wa Nzovwe anachanganya kuku wa mapambo na wa kienyeji. Kwa hiyo leo naandika mara moja, akija wa tano nitamtumia asome huku mimi naendelea na kazi.

Kuku wa mwalimu ni Chabo, bantamu wa Kijapani. Wateja wengi wanawaita tu "wale wafupi". Mkia umesimama wima, wa jogoo unapita hata upanga wake wa kichwani, mabawa yanakaribia kuburuza chini, na akitembea utadhani anateleza kwenye sakafu. (Mtu aliwahi kuniuliza kama bantamu ni ugonjwa. Ni jina la bandari, Banten, kisiwa cha Java kule Indonesia, ambako mabaharia wa Ulaya walipakia vijikuku vya aina hii.)

Sasa miguu. Ufupi ule kifaranga anaurithi kwa mzazi. Akiupata kwa mzazi mmoja, anakuwa mfupi mzuri unayemtaka. Akiupata kwa baba na kwa mama kwa pamoja, hatotolewi, anafia ndani ya yai. Maana yake ni kwamba kila Chabo mfupi unayemwona anatembea, awe wa kwangu au wa huko huko Japani, amebeba ufupi wa upande mmoja tu. Upande wa pili kabeba urefu, na watoto atawagawia vyote viwili.

Chukua mayai 12 yenye mbegu, jogoo mfupi na mtetea mfupi. Kwa wastani matatu yatakufa, sita yatatoa wafupi, na matatu yatatoa warefu, baba yule yule na mama yule yule. Mayai hayafuati hesabu kila mara, kuna koo aliwahi kunitotolea wafupi watupu nikajiona fundi, kisha mzao uliofuata akanirudisha chini. Lakini ukijumlisha mwaka mzima, hesabu inakuja pale pale. Mwalimu alianza na mayai 11. Mawili hayakuwa na mbegu, mawili yalikufa, wafupi wanne, warefu watatu. Nilimwambia hapo hapo kwamba jogoo wake anafanya kazi vizuri.

Ukitaka kuyaona yaliyokufa, mulika mayai siku ya saba, usiku, kwa tochi ya simu. Funga yai kwa vidole ili mwanga usivuje. Yai zima lina mishipa myembamba iliyotawanyika kutoka doa moja jeusi, na ukitulia doa lenyewe linacheza. Lililokufa mapema mara nyingi lina pete nyekundu ya damu, imekaa kimya. Nikiona pete nalitoa, maana likiachwa linakuwa viza na likipasuka chini ya kuku linaharibu mengine yote.

Hapa ndipo ninapogombana na wateja. Mtu akija kutaka jozi ya kuzalisha, namshauri jogoo mfupi na mtetea mrefu, au kinyume chake. Anaona namsukumia mabaki. Lakini hebu rudia hesabu: mayai 12, mfupi kwa mrefu, wastani ni sita wafupi na sita warefu, na hakuna linalokufa kwa sababu ya miguu. Wafupi ni sita kule, sita huku. Tofauti ni kwamba kule umenunua mtetea kwa shilingi 80,000 na huku kwa 30,000, na mayai matatu hayajaoza. Mwalimu nilimweleza yote haya Februari, nikiwa nimemshika yule mtetea mrefu mkononi. Akacheka, akasema yeye hajaja Nzovwe kununua kuku wa supu. Akalipa 160,000 kwa wafupi wawili. Sikumlazimisha.

Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili. Kijana mmoja wa Soweto, hapa hapa Mbeya, alikuta mahali wanauza Chabo warefu, jogoo na mitetea wawili, kwa bei ambayo kwangu hapati hata mguu. Muuzaji alimwambia damu ni ya wafupi, ufupi utajitokeza kwa watoto. Haujitokezi. Mrefu hana ufupi wowote aliouficha, kwa hiyo mrefu kwa mrefu ni mrefu mpaka kiama. Alilisha miezi minane, akatotolesha mara tatu, akaniletea picha ya kundi zima limesimama kama askari wa gwaride. Baadaye aliniambia walikuwa watamu.

Na si miguu tu inayoleta kesi. Niliwahi kuwa na jozi moja ya Sebright, wale wenye manyoya yaliyotiwa wanja pembeni. Aina hii aliitengeneza Sir John Sebright kule Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, na jogoo wake ana manyoya ya kike: hana mkia wa mundu wala manyoya marefu ya shingoni. Baba mmoja wa Tukuyu aliichukua, kesho yake akapiga simu kwa ukali kwamba nimempa mitetea wawili. Nikamwomba avumilie alfajiri moja. Saa kumi na moja na nusu simu ikaita, sikusikia sauti ya mtu, nikasikia jogoo anawika. Halafu: "Ndaga fijo, mama." Asante sana, kwa Kinyakyusa. Akakata.

Tuje kwenye bei, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi hapa. Kuku hafiki hata kilo moja, kwa nini auzwe kama mbuzi? Kwanza, koo wa Chabo hatagi mfululizo. Anataga mayai yake machache, anaanza kuatamia, na hapo ndiyo basi. Katika mzao, nusu ni warefu, hao ni wa bei ya chini. Katika wafupi natoa wenye mkia uliopinda, kidole kilichojikunja, bawa lisilofunga. Nikibaki na wawili wa kusimama mbele za watu, nashukuru.

Halafu kuna baridi yetu. Kifaranga wa bantamu ni mdogo kama kidole gumba, joto linamtoka upesi kuliko wa broila. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 35 pale alipo yeye, si juu kwenye dari, kisha napunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Mbeya ya Juni na Julai, gunia la mkaa linaisha kundi moja halijafikisha wiki tano. Naamka saa nane usiku kuangalia jiko na kufungua upenyo wa hewa, kwa sababu moshi wa mkaa unaua kimya kimya. Kwenye chombo cha maji naweka kokoto, wasizame. Ndiyo maana siuzi vifaranga wa siku moja, hata ubembeleze. Mteja wa Mafinga alinibembeleza mwaka juzi, akataka aokoe 15,000 kwa kila kifaranga. Nikawafunga kwenye boksi, wakapanda basi la asubuhi. Walifika wawili kati ya kumi, na hela nilimrudishia mimi.

Chanjo ya mdondo (Newcastle) nayo ni mgogoro. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, na kikishafunguliwa kinatakiwa kiishe siku hiyo. Mwenye kuku wawili anaona ni upotevu, anaacha. Changeni na majirani, chanjeni mtaa mzima siku moja, tena wale wa jirani wanaozurura ndio watakaoleta ugonjwa kwako. Mkishindwa, waleteni kwangu siku ninayochanja wa kwangu, nadai gharama ya tone tu.

Nane Nane ndiyo hiyo, na simu za maandalizi zimeanza. Uyole pale viwanja vya John Mwakangale watu hawashindanishi bantamu kwa mizani na vitabu kama Ulaya, lakini wanajua kuku msafi, na oda nyingi za mwaka mzima nazipata pale. Kumwandaa kuku mmoja nadai 10,000. Dada mmoja wa Iyunga aliona ni nyingi, akamwogesha jogoo wake mwenyewe, asubuhi ile ile ya kwenda uwanjani, kwa maji ya bomba na sabuni ya unga. Upepo wa Agosti mnaujua. Saa tatu yuko bandani kwangu, jogoo katika khanga anatetemeka, manyoya yameshikana kama ufagio uliolowa. Alipona, lakini sabuni ile ilitoa mafuta yote ya manyoya, na maonyesho yakaisha akiwa bado amepauka.

Mimi naosha siku tatu kabla. Mabeseni matatu ya maji ya uvuguvugu, shampuu ya watoto kwenye la kwanza, la pili maji matupu, la tatu maji yenye siki kidogo. Tumbo la Chabo linataka subira kuliko sehemu nyingine, maana ndilo linalofagia sakafu. Kisha taulo, kisha mashine ya saluni kwa moto mdogo, na usiku analala ndani kwangu. Ila niletee kuku mapema, wiki mbili kabla. Lazima azoee kizimba na kushikwa, la sivyo mtoto wa kwanza akiingiza kidole atajibamiza mpaka avunje mkia.

Mwalimu? Alipoielewa hesabu, akapata wazo la kuokoa 30,000: basi atakuza hawa watatu, akipata mtetea amweke na jogoo. Nikamwambia, mwalimu, huyo ni binti yake. Tukacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Tumekubaliana aniachie watatu, na atakapojulikana mtetea kati yao nitambadilishia na mtetea mrefu wa damu nyingine, bila kuongeza hela. Nimewafunga uzi mwekundu mguuni wasichanganyike na wa kwangu. Angalau hao wana mahali pa kufungia.