Maji baridi kwenye injini iliyochemsha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo madereva wengi hulifanya wakidhani wanaiokoa injini. Majuzi, nikipanda mlima Kitonga mkoani Iringa, nilimkuta kijana wa gari la abiria akiimwagia injini iliyochemsha ndoo nzima ya maji baridi. Gari liliwaka, abiria wakarudi vitini, lakini kabla ya kufika kileleni lilikuwa likifuka moshi mweupe, na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ilipochomolewa oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba imechanganyika na maji.

Waliokuwapo waliilaumu gasketi, kizibo chembamba kinachokaa kati ya bloku na silinda hedi, nami nadhani iliponzwa na majirani zake. Katika injini nyingi za petroli, hasa za zamani, bloku, yaani mwili wa injini, ni chuma cha kusubu na silinda hedi, yaani sehemu inayoufunika kwa juu, ni alumini, ambayo ikipata moto hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Hedi ya nusu mita ikitoka nyuzi 25 hadi 95 hurefuka karibu milimita 0.8, ilhali bloku hurefuka karibu 0.4. Tofauti hiyo haizidi unene wa kucha, na gasketi imeundwa kuivumilia. Injini ikichemsha, hata hivyo, alumini huanza kulegea huku ikitaka kutanuka zaidi, na kwa kuwa bolti zimeishika, hujibana yenyewe na ikipoa hairudi katika umbo lake. Ukiongeza maji baridi, sehemu iliyomwagiwa hunywea ghafla wakati sehemu ya ndani ingali imetanuka, ndipo hedi hupinda au kupata ufa kati ya matundu ya valvu. Wenye bloku ya alumini nao wasijione wamepona, kwani mshtuko wa namna hiyo huweza kupasua hata metali moja isiyounganishwa na nyingine.

Dereva azime injini, asubiri ipoe kabisa, ndipo afungue kifuniko cha rejeta. Mafundi nao wana sehemu yao, kwa sababu wapo wanaofungua bolti za hedi injini ikiwa bado ya moto eti mteja ana haraka, kisha wakafunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, ilhali mpindo wa zaidi ya milimita 0.1 kwa kawaida haukubaliki. Mimi mwenyewe nililipia gasketi mbili katika gereji moja kabla hajatokea mtu wa kuweka rula ya chuma juu ya hedi yangu, na mwanga ukapita chini yake.

Msomaji wako,
Iringa