Baridi mnaisema sana, giza je?

Mhariri, salamu. Naomba kanafasi kidogo nami niseme langu kuhusu ndugu zetu wanaohamia nchi za kaskazini kabisa huko, Norway, Finland, Kanada na kwingineko. Kila anayesafiri anapewa ushauri mmoja tu, nunua koti. Koti, koti, koti! Sawa koti muhimu sijakataa (ingawa hata hapo tunawadanganya, kinachosaidia ni kuvaa nguo kadhaa moja juu ya nyingine na ile ya ndani isiwe pamba, maana pamba ikishaloa jasho inachelewa kukauka na hapo ndo baridi inakuingia kwelikweli) ila baridi ina dawa, ukiingia ndani kuna hita unavua maisha yanaendelea. Kinachowamaliza watu ni giza na hilo hawaambiwi.

Mji kama Tromsø kule Norway, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi. Halichomozi yaani, sio kwamba kuna mawingu. Hata Helsinki iliyo kusini zaidi, karibu na Krismasi mchana haufiki masaa sita, unaenda kazini giza unarudi giza. Sasa chukua mtu aliyezoea jua kutoka saa kumi na mbili asubuhi na kuzama saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, ukimpeleka huko ikifika Januari analala kupita kiasi, anakula hovyo, simu hapokei, nyumbani wanasema ameanza maringo na wengine ndo hao wanasema karogwa. Hajarogwa jamani! Ni ugonjwa unaojulikana, sonona (huzuni nzito) inayokuja na msimu wa giza, daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliuelezea tangu 1984, na huyo Rosenthal mwenyewe alihamia huko akitokea Afrika Kusini kwa hiyo alikuwa anajua anachokisema. Tiba ipo, kuna taa maalum ya mwanga mkali, laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), unakaa mbele yake kama nusu saa kila asubuhi, mwenye shida ya macho aongee na daktari kwanza. Halafu vitamini D, ngozi nyeusi inataka jua jingi zaidi kuitengeneza na jua la huko wakati wa baridi hata likitoka ni dhaifu, kwa hiyo mtu amuulize daktari kuhusu kupima damu sio kujinunulia vidonge kwa kukadiria.

Na giza likikutana na ule ukimya wao ndo balaa. Jirani wa mlango wa pili hakusalimii, kwenye basi kila mtu kivyake, unaanza kujiuliza umewakosea nini. Hujawakosea, kwao kumwacha mtu na nafasi yake ndo heshima yenyewe. Lakini ukisubiri wakugongee mlango utazeeka, wale wanafunguka mkiwa na shughuli ya pamoja, kwaya, mpira, kazi za kujitolea, hapo unashangaa mtu anaongea.

Sasa hizi semina za wasafiri, mbona ni viza na mikataba mwanzo mwisho? Haiwezi kutengwa hata nusu saa ya haya? Na nyie mliobaki, msiwe mnapiga simu mkiwa na shida tu. Mhariri, kama mna daktari wa afya ya akili anayewaandikia, muombeni aliandike hili kabla Novemba haijafika.

Msomaji wenu