Shosti, ngoja nikwambie mahari ya Florence

Shosti yangu,

Salamu nyingi, huku wote wazima na mama anakusalimia sana. Kwenye ile voisi yako uliniuliza kwanini siku hizi nimezama kwenye Waitaliano wa kale, ukadhani ni michoro ya makanisani na masanamu ya marumaru, hapana mwaya, kilichonishika mimi ni ndoa zao.

Kwanza ujue kule mahari ilikuwa inatoka upande wa binti. Baba ndo anajikamua ampe mkwe, na karne ya 15 kiwango kinapanda tu maana kila familia inataka kuungana na wenye jina, mji wa Venice ikabidi mwaka 1420 watunge sheria isizidi dukati 1,600, sarafu zao za dhahabu. Mji wa Florence nao wakaja na kitu ambacho mimi nilikisoma nikarudia. Mwaka 1425, mji uko vitani na Milan, hazina imekauka, serikali ikaanzisha Monte delle Doti, yaani mfuko wa mahari. Baba anaweka florini 100, sarafu za dhahabu za Florence, binti akiwa mdogo, miaka 15 ikipita na binti akaolewa, mume analipwa 500. Hatifungani za serikali kabisa, yaani serikali inakopa kwa wananchi, ila zimebebeshwa jina la mtoto wa kike! Mwanzoni watu walisita kwa sababu binti akifa hela imekwenda, na tauni ilikuwa inarudi rudi, mpaka 1433 wakarekebisha mzazi arudishiwe alichoweka, hapo ndo wakamiminika. Kwa hiyo nikisikia watu wanasifia utajiri wa Florence wa enzi zile nawakumbuka hao mabinti, vita na madeni ya mji vilikuwa vinapitia mgongoni kwao na hakuna aliyewauliza.

Sasa kuna mama mmoja nampenda sana, Alessandra Macinghi Strozzi. Mumewe Matteo alifukuzwa mjini 1434 Cosimo de' Medici, yule tajiri wa benki, aliporudi madarakani, akafia ugenini huko Pesaro. Mama kabaki na watoto wadogo, na wa kiume walipokua wakaenda kutafuta maisha Naples, basi akawa anawaandikia barua kwa mkono wake mwenyewe, zaidi ya 70 zipo mpaka leo.

Mwezi wa 8 mwaka 1447 anamwandikia mwanawe Filippo kwamba dada yake Caterina, miaka 16, amepata mchumba, Marco Parenti, kijana wa familia ya biashara ya hariri. Mahari florini 1,000, nusu inatoka kwenye ule mfuko. Anaeleza wazi kabisa kwamba angetaka ukoo mkubwa zaidi ingebidi atoe 1,400 au 1,500, na hiyo ingewafilisi wote. Halafu anahamia kwenye nguo, Marco kamkatia binti gauni la velveti jekundu, na shada la manyoya na lulu, mama anapiga hesabu kwamba akitoka nje atakuwa na zaidi ya florini 400 mwilini. Unamsikia kabisa anavyofurahi. Lakini zile nguo kwa desturi yao zilibaki mali ya mume, akitaka baadaye anaziuza, na hilo liliniuma.

1465 sasa anamtafutia Filippo mke. Akaenda misa ya asubuhi kanisa kuu, akamwona huko binti wa familia ya Tanagli, akarudi akaandika: uso mrefu, sio laini sana ila sio wa kishamba, na anavyotembea inaonekana sio mvivu. Mama mkwe watarajiwa ni walewale tu, karne yoyote ile. Huyo hakumpata, Filippo akaja kumwoa Fiammetta Adimari.

Ila linaloninyima usingizi ni la ujane. Kwenye hesabu ya kodi ya 1427 wasichana wa Florence walikuwa wanaolewa wana kama miaka 18 na wanaume kama 30, kwa hiyo wajane vijana walijaa. Mjane ana haki ya kudai mahari yake irudi, na ndugu zake wa damu wanamvuta aolewe tena ili mahari hiyo imfungulie mlango kwingine, lakini watoto ni wa ukoo wa baba, akiondoka anawaacha. Watu wakamwita mama katili, wakati waliomsukuma ni kaka zake! Alessandra alibaki mjane akiwa na umri kama wetu, karibu miaka 30, na hakuondoka. Akalea, akauza mashamba kulipa kodi, na 1459 mwanawe wa mwisho akafia Naples mbali naye.

Nakuuliza wewe kwa sababu shangazi yako alipitia karibu hayohayo na uliyaona kwa macho. Ungekuwa wewe ungebaki, au ungechukua chako uende? Niandikie kwa urefu, sitaki voisi.

Wako daima.