Kuku wanaliwa usiku, na mama mkwe anataka tutege sumu

Wafugaji wenzangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za majukumu.

Naishi Muheza, mkoani Tanga, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya michungwa. Nafuga kuku wa kienyeji. Mwezi wa kwanza wakubwa walikuwa 31, leo asubuhi nimehesabu 14. Hakuna aliyekufa kwa ugonjwa wa mdondo (kideri), maana kila baada ya miezi mitatu nawadondoshea chanjo ya jicho mwenyewe, mmoja mmoja. Hao 17 wote wameliwa.

Mchana nishaumaliza. Mwewe alikuwa ananyakua vifaranga, nikaanza kuwafunika na mama yao chini ya tenga mpaka wapate nguvu, akakoma. Usiku ndio umenishinda.

Wiki iliyopita tetea wangu mwekundu, mlezi kuliko wote, alikuwa ameatamia mayai 13, zimebaki siku tatu atotoe. Nilipofungua banda alfajiri nilimkuta palepale kwenye kiota, mabawa kayatandaza juu ya mayai kama kawaida yake. Nikashukuru Mungu, yeye amepona. Nilipomgusa ndipo nikaona kichwa hakuna, shingo imetafunwa. Mayai chini yake yalikuwa bado yana joto. Nililia, sioni haya kusema. Niliyaingiza kwa tetea mwingine aliyekuwa ameanza kulalia, wakatoka vifaranga tisa.

Banda langu ni la mabanzi, juu bati, mbele wavu wa kuku, ule mwembamba. Umeraruliwa mara moja, nikaweka mwingine juu yake. Majirani wanasema ni kicheche. Mimi sikubali sana, maana kicheche ni mchimbaji na harufu yake haijifichi, na hapa hakuna shimo wala harufu. Nilichekecha majivu nikamwaga kuzunguka banda jioni. Asubuhi kuku mmoja hayupo, na kwenye majivu hakuna hata unyayo mmoja. Basi nikatazama juu. Kati ya bati na ukuta kuna upenyo wa kama vidole vitatu, na kwenye msumari yalinasa manyoya ya kijivu yenye weusi. Tawi la mfenesi limelala juu ya bati, na pale panapogawanyika matawi kuna kinyesi chenye miguu ya panzi na vipande vya manyoya ya kuku. Nahisi ni kanu, yule mnyama wa porini mfano wa paka, mwenye madoa na mkia mrefu, anayepanda miti. Mliowahi kupambana naye, dalili ndizo hizi?

Sasa kinachoninyima usingizi. Kuku wa kwanza watano alinipa mama mkwe, na tunaishi naye. Amenunua sumu, anataka tuipake kwenye utumbo wa kuku tuuweke juu ya bati. Mimi naogopa. Kunguru wa hapa hudokoa chochote na kukidondosha popote, hata kwenye kisima cha jirani, na mwanangu mdogo ana miaka mitatu, kila anachookota kinaishia mdomoni. Nimemwambia mama kwa upole, akanijibu kwamba mimi nawahurumia wanyama wa porini kuliko kuku alionipa. Liliniuma, kwa sababu kila aliyeliwa namkumbuka kwa rangi yake. Mume wangu yuko kazini mbali, kwenye simu anasema nimsikilize mama.

Nilifikiri kukata lile tawi, lakini mfenesi aliupanda marehemu baba mkwe, na bila kivuli chake bati linachoma mchana mpaka kuku wanahema midomo wazi. Je, nikiziba upenyo wote kwa waya mgumu wa matundu madogo, tawi naweza kuliacha? Taa ya usiku kucha inamfukuza, au anaizoea? Kuna aliyemtega akiwa hai, na akampeleka wapi? Na wenye wakwe, nimwambieje mama anielewe bila kuona namdharau?

Kwa sasa kuku wote wanalala jikoni chini ya matenga. Mama amenipa mpaka Jumapili. Naomba mnijibu kabla ya hapo.

Msomaji wenu, Muheza