Barua ya wazi kwa wachezaji wa ligi za chini kuhusu kupanga matokeo

Wanangu mnaocheza Championship, First League na ligi za mikoa,

Salamu nyingi na pole kwa safari ndefu za mabasi. Ninawaandikia sasa kwa sababu msimu unakaribia ukingoni, na hizi ndizo wiki ambazo timu moja inahitaji mabao mengi ili ipande, nyingine imekwishashuka na haina tena inachogombea, na mtu ambaye hamumfahamu vizuri anaanza kuulizia namba ya simu ya kipa. Nimeishi katika mpira huu kama beki, na baadaye kama mwalimu wa timu za vijana. Katika yote ninayoweza kuwaambia juu ya kuuza mechi, nimeamua kushikilia jambo moja tu: siku mtakapofuatwa, semeni siku hiyo hiyo. Kanuni humwadhibu aliyenyamaza hata kama hakugusa senti, na mtu anayesubiri mpaka mambo yaharibike ndipo aseme hupata shida sana kuwashawishi watu kwamba hakuwa mmoja wao.

Kaka zenu hawajasahau Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza msimu wa 2015/16. Katika mechi za mwisho Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0, wakati tofauti ya mabao ndiyo iliyokuwa inaamua nani apande Ligi Kuu. TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ilizishusha daraja timu zote nne na kuwafungia watu kadhaa, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza. Mwaka uliofuata Mbao hiyo hiyo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Dodoma na kuisumbua Simba mpaka muda wa nyongeza kabla ya kufungwa 2-1. Mimi naona ilikuwa haki timu kushushwa, kwa sababu klabu ndiyo ingekula matunda ya mabao yale. Lakini sijaacha kuwafikiria vijana wa timu zile nne waliokuwa kwenye benchi au nyumbani wakiuguza majeraha, ambao hawakupokea kitu wala kuambiwa lolote, na waliamka wakiwa wachezaji wa daraja la chini zaidi wakiwa na doa ambalo hawakulichuma. Mkijua jambo na mkalinyamazia, watu wa namna hiyo ndio mnaowatumbukiza shimoni, na wengi wao mnalala nao chumba kimoja kambini.

Niwapeleke mbali kidogo, Ufaransa, mwezi Mei 1993, kwa sababu sijui kisa kinachofundisha zaidi kuliko hiki. Marseille walikuwa na fainali ya Ulaya dhidi ya Milan mjini Munich tarehe 26. Siku sita kabla yake walitakiwa kucheza na Valenciennes, timu iliyokuwa inapigania kutoshuka, na viongozi wa Marseille walitaka mechi hiyo iishe bila wachezaji wao kuumizwa na bila pointi kupotea. Aliyetumwa kuongea na wachezaji wa Valenciennes hakuwa jambazi wala mtu wa kamari kutoka ng'ambo. Alikuwa Jean-Jacques Eydelie, mchezaji wa Marseille, ambaye aliwahi kuvaa jezi moja na Jorge Burruchaga walipokuwa Nantes. Hilo mliweke moyoni, kwa maana nanyi mtafuatwa na mtu mnayemwita kaka. Wachezaji watatu walifikiwa. Christophe Robert alikubali, na faranga 250,000 zilikuja kukutwa zimefukiwa kwenye bustani ya jamaa yake. Burruchaga, mtu aliyeifungia Argentina bao la ushindi katika fainali ya Kombe la Dunia 1986, alisema kwamba alikubali mwanzoni kisha akabadili mawazo. Wa tatu, Jacques Glassmann, alikataa. Alimweleza kocha wake kabla ya mechi, na ilipofika mapumziko mwamuzi naye akaarifiwa rasmi.

Tazameni kilichowapata. Marseille walishinda 1-0, kisha wakaifunga Milan na kubeba kombe la Ulaya, lakini shirikisho la Ufaransa likawapoka ubingwa wa ligi, ambao mpaka leo hauna mwenyewe. Wakazuiwa kulitetea kombe lao la Ulaya, na mwaka 1994 wakashushwa daraja la pili. Rais wa klabu, Bernard Tapie, tajiri aliyekuwa mbunge na aliyewahi kuwa waziri, alihukumiwa kifungo mwaka 1995 na akaingia gerezani mwaka 1997. Robert na Burruchaga walipewa kila mmoja kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa, pamoja na kufungiwa kucheza. Kubadili mawazo kimyakimya hakukumwokoa Burruchaga. Na nani kati yetu angethubutu kusema kwamba mshindi wa Kombe la Dunia alishindwa kupata wakili mzuri?

Glassmann hakushtakiwa kwa lolote, kwa kuwa alikuwa amesema mapema, mbele ya mashahidi, wakati mechi bado haijaisha. Sitawaficha upande wa pili wa habari yake: alizomewa viwanja vingi vya Ufaransa kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu, na baadaye alikwenda kucheza kisiwani Réunion, huku kwetu Bahari ya Hindi, mbali na ligi kubwa. Mwaka 1995 FIFA ilimpa tuzo ya mchezo wa haki. Ninawaambia haya yote kwa sababu sipendi mzee anayewaahidi vijana kwamba ukweli hulipwa palepale. Huenda mkazomewa. Huenda kocha akawaweka benchi. Hata hivyo, kati ya watu watatu waliofikiwa siku zile, ni mmoja tu aliyebaki bila kesi, na sababu yake ni kwamba alifungua kinywa kwa wakati.

Siku hizi kanuni ni kali kuliko wakati ule. Kanuni za nidhamu za FIFA zinasema kwamba anayeshiriki kupanga matokeo hufungiwa si chini ya miaka mitano na kutozwa faini isiyopungua faranga za Uswisi 100,000, na jambo likiwa zito hufungiwa maisha. Fungu ambalo vijana wengi hawalijui ni lile la kuripoti: ukifuatwa, au ukijua kwamba mwenzako amefuatwa, na usitoe taarifa, unaweza kufungiwa si chini ya miaka miwili na kutozwa si chini ya faranga 15,000. Mchezaji wa daraja la kwanza akifungiwa miaka miwili akiwa na umri wa miaka 24, hatorudi alipokuwa. Miguu haimngojei, na hakuna klabu inayomlipia mazoezi.

Msidhani kwamba ligi zetu ni ndogo mno kuonekana. Mwezi Februari 2020 FIFA iliwaadhibu watu wanne kwa mechi za Ligi Kuu ya Kenya za mwaka 2019: wachezaji watatu walifungiwa miaka minne kila mmoja, na mtu wa nne, raia wa Uganda, akafungiwa maisha. Mwaka 2019 beki wa zamani wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, alifungiwa miaka kumi kwa mashauriano aliyofanya na mpangaji wa matokeo kutoka Singapore, mashauriano ambayo yalifanyika kati ya 2009 na 2011. Kwa hiyo jambo mnalodhani limezikwa linaweza kufukuliwa baada ya muongo mzima, mkiwa tayari ni makocha au mna watoto wanaocheza. Waamuzi nao hawakuachwa: Ibrahim Chaibou wa Niger alifungiwa maisha mwaka 2019 kwa mechi za kirafiki alizochezesha miaka mingi kabla, na Joseph Lamptey wa Ghana alifungiwa maisha mwaka 2017 baada ya kutoa penalti ya uongo katika mechi ya Afrika Kusini na Senegal, ambayo FIFA iliamuru irudiwe.

Nitakaa kidogo kwenye namna wanavyowaingia, maana hapo ndipo wengi hunaswa bila kujijua. Anayewafuata hataanza na neno mechi. Ataanza na vocha, na viatu vipya, na kukulipia matibabu ya mama, naye atakuambia kwamba mkono mtupu haulambwi na kwamba yeye anapenda tu vipaji. Baada ya mwezi mmoja atakuomba jambo dogo: kadi ya njano kipindi cha kwanza, kona tatu za haraka, mabao mawili baada ya mapumziko mkiwa mmekwishashinda. Atasema timu yako haidhuriki. Lakini watu hubeti juu ya mambo hayo yote, ligi yako imo katika mikeka ya watu wa nchi ambazo hujawahi kuzisikia, na fedha nyingi zikimiminika ghafla upande mmoja wa mechi ndogo, wanaofuatilia masoko ya kamari huliona hilo kabla hata refa hajapuliza filimbi ya mwisho. Wewe unadhani umemsaidia mtu mmoja kwa siri. Yeye ameshaliuza jina lako kwa wengi. Na ukitaka kutoka, atakutishia kwa viatu vile vile na vocha zile zile, kwa sababu kila kitu alikuwa anakiandika. Ndiyo maana nasema siku ya kwanza ndiyo siku ya kusema, ukiwa bado hudaiwi kitu.

Mtaniuliza kama adhabu hizi ni za haki kwa wote. Hapana, na inaniuma. Katika kashfa ya Italia ya mwaka 2006 Juventus walipokwa mataji mawili na kushushwa Serie B, ilhali Milan, walioadhibiwa katika kesi hiyo hiyo, waliruhusiwa kucheza Ulaya na mwezi Mei 2007 wakatwaa ubingwa wa Ulaya mjini Athens. Mshambuliaji wa Italia, Paolo Rossi, alifungiwa katika kashfa ya 1980 huku akisisitiza kwamba hana hatia, adhabu yake ikapunguzwa kutoka miaka mitatu hadi miwili, na aliporudi kocha Enzo Bearzot alikuwa amemhifadhia nafasi. Akafunga mabao sita na kuipa Italia Kombe la Dunia 1982. Klabu kubwa hurudi, na nyota husubiriwa. Kijana wa Kigoma au Kakamega hasubiriwi na mtu. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki mjipime kwa Rossi wala kwa Juventus mnapopima hatari.

Nanyi viongozi wa vilabu mnaosoma barua ya vijana wenu, neno hili ni lenu. Mpangaji wa matokeo hutafuta kwanza timu ambayo haijalipwa mshahara miezi mitatu. Nimewaona wachezaji wakiingia uwanjani wakiwa wamekula mlo mmoja, na rais wa klabu yao akiwa jukwaani na wageni wake. Haikuwa haki, na haihalalishi kuuza mechi, lakini shirikisho linapomfungia kipa na kumwacha kiongozi aliyemdhulumu mshahara wake, limekata tawi na kuacha mzizi. Ningependa kuona klabu inayodaiwa mishahara ikikatwa pointi msimu ule ule.

Wanangu, mkifuatwa andikeni saa, mahali, namba ya simu na maneno aliyosema, wala msifute ujumbe wowote. Msimrudishie zawadi kwa siri. Ikabidhini mbele ya shahidi. Mwelezeni nahodha na kocha siku hiyo hiyo, na kama mnahisi kocha naye yumo, nendeni kwa kamisaa wa mchezo, au TFF, au pigeni 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ambayo hailipiwi. Mkiwa wawili ni bora zaidi kuliko mmoja. Na yule mwenzenu atakayesema, msimwache ale peke yake kambini.

Mzee wenu,
Beki wa zamani, Morogoro