Mtungi wa gesi ukitoa jasho sio kwamba tumekuwekea maji

Wateja wetu, haipiti wiki hapa dukani bila mtu kuja na mtungi wake anautingisha mbele yetu, "sikia wenyewe, mmenijazia maji". Mwingine anapika anaona mtungi umelowa kwa nje, ndo anathibitisha kabisa. Tunawaelewa, hela ya mtungi wa kilo 15 sio ndogo, ila hicho kinachochezacheza humo ndani ndo gesi yenyewe.

Ni propani na butani zilizoshindiliwa mpaka zikawa kimiminika. Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na butani karibu na sifuri, kwahiyo kwa joto la Dar hiki kitu kinataka kuchemka muda wote, kinachokizuia ni presha ya mvuke wake uliojaa hapo juu. Ukiwasha jiko mvuke unatoka, kimiminika kinachemka kuziba pengo.

Sasa jasho linatoka wapi? Chembe za kimiminika hazina spidi moja, zinazochomoka kuwa mvuke ni zile zenye nishati kubwa, zinabaki za polepole, na jotoridi ni wastani wa huko kuhangaika kwa chembe, basi kilichobaki kinapoa, kinavuta joto la chuma, chuma kinavuta la hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu balaa, unashika kwenye chuma baridi kama soda iliyotoka friji. Tena angalia jasho linapoishia, usawa huo ndo gesi yako ilipofikia.

Wapishi wa shughuli hapa mtusikilize jamani. Unafunga mtungi wa kilo 6 kwenye jiko kubwa la pilau, baada ya muda mtungi unaganda barafu na moto unafifia, unadhani gesi imeisha kumbe bado, ni joto la hewa halifiki haraka kama unavyotumia. Chukua wa kilo 38. Tunawaomba sana msiuweke kwenye beseni la maji ya moto wala karibu na mkaa, chembe zikipata joto zinagonga kuta kwa nguvu, presha inapanda, na kimiminika kinatanuka, ndo maana mtungi haujazwi mpaka juu, unaishia kama asilimia 80. Na usiulaze, kimiminika kikipita kwenye regulata kinageuka gesi na kutanuka zaidi ya mara 200, moto unalipuka usoni.

Kuhusu gesi "kuisha ghafla": presha inafuata joto la kimiminika, haifuati kimebaki kiasi gani, so moto unakuwa karibu uleule mpaka tone la mwisho. Usipime kwa moto, pima kwa mzani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma pale juu, jumlisha kilo za gesi, na sisi tunapima mbele yako kabla boda haijaondoka.